Deni la mwaka 1983: Shilingi ya Kenya ilikuwa shilingi ngapi za Tanzania?

Swali

Shikamoo mtaalamu. Sisi ni watu wa Holili, upande wa Tanzania. Marehemu baba aliacha daftari, na ndani yake ameandika kwamba Septemba 1983 alikopa shilingi 6,000 za Kenya kwa mjomba wetu aliyekuwa akiishi Taveta, kaka yake mama, ili anunue mabati ya nyumba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba zililipwa. Mjomba naye ametutoka, na sisi tunataka kuwalipa watoto wake. Tatizo ni hesabu. Mama anasema shilingi yetu na ya Kenya zilikuwa sawa kwa sawa. Kaka anasema hapana, ya Kenya ilikuwa juu sana. Mimi nimekuta jedwali mtandaoni linaloonyesha kwamba mwaka 1983 shilingi ya Tanzania ndiyo iliyokuwa juu ya ile ya Kenya! Leo tunatoa karibu shilingi 20 zetu kupata moja yao. Nani mkweli, na tulipe kiasi gani?

Jibu

Marahaba. Nawapongeza kwanza kwa nia hiyo, maana deni la namna hii wengi hulifukia pamoja na marehemu.

Mama, kaka na jedwali lako wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mama anakumbuka miaka ya kuanzia 1966, na kumbukumbu yake ni sahihi kabisa. Jedwali linaonyesha kilichotangazwa na Benki Kuu mbili. Kaka anazungumzia walichokuwa wakilipana watu mpakani. Kwa mwaka 1983, kaka ndiye aliye karibu zaidi na ukweli wa mfukoni. Jedwali halina kosa la tarakimu, lakini ukilifuata litakupoteza, kwa sababu kiwango cha kubadilishia fedha ni bei tu, na bei ambayo hakuna anayekubali kukuuzia kwa kiasi hicho si bei. Jibu lote limejengwa juu ya jambo hilo, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Tangu mwaka 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza, na nyuma ya shilingi zilizotolewa kulikuwa na akiba ya pauni London. Bodi haikuwa Benki Kuu. Haikupanga riba, na karibu miaka yake yote haikuikopesha serikali yoyote. Pauni iliposhushwa thamani mwaka 1949, kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi yetu ikashuka nayo bila yeyote wa Dar es Salaam wala Nairobi kuulizwa. Hapo ndipo ilipotoka ile tarakimu ya shilingi 7.14 kwa dola moja, ambayo wazee waliofanya biashara za nje wanaikumbuka mpaka leo.

Baada ya uhuru, serikali tatu zilizotaka kupanga uchumi wake hazikuweza kuendelea kufungwa na bodi ya namna hiyo. Kulikuwa na mazungumzo ya shirikisho la kisiasa, na kama lingefanikiwa huenda tungekuwa na Benki Kuu moja. Halikufanikiwa. Juni 1965 nchi zote tatu zilitangaza kwamba kila moja itaanzisha benki yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 14 Juni 1966, ile ya Uganda ikafuata Agosti, na ya Kenya Septemba mwaka huohuo. Shilingi mpya tatu zilizaliwa zikiwa pacha: kila moja ilikuwa 20 kwa pauni na 7.14 kwa dola, kwa hiyo moja kwa moja baina yao. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, uliotiwa saini Kampala Juni 1967, ukataka fedha hizo zibadilishwe sawa kwa sawa bila kamisheni. Mtu wa Moshi aliyekwenda Voi hakuhitaji kikokotoo.

Usawa huo ulipata mtihani mapema, na nchi zote tatu zikaushinda kwa pamoja. Novemba 1967 Uingereza iliishusha tena pauni, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Mara hii Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zilikataa kuifuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Mwaka 1975 zote tatu ziliachana na dola na kujifunga kwenye SDR, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na fedha kadhaa kubwa, kwa shilingi 9.66. Kwa maandishi, hata siku Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shilingi ya Kenya ilikuwa bado shilingi moja ya Tanzania.

Nimesema kwa maandishi kwa sababu kuanzia 1970 na 1971 nchi hizi zilikwisha kuanza kuwekeana vizuizi vya kutoa noti nje ya mipaka. Usawa unaolindwa na kizuizi tayari ni usawa mgonjwa. Fedha mbili zikiwa sawa kweli, huhitaji askari wa forodha kuzuia moja isiikimbilie nyingine.

Sasa tufike miaka ya daftari la baba yako, ambayo ndiyo yenye utata.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa hiyo Septemba 1983 baba yako alipokopa, Holili na Taveta zilikuwa zimefungiana rasmi. Kilichopita kilipita njia za panya, na jambo hilo peke yake linakueleza kwamba hakuna benki iliyobadilisha zile shilingi 6,000.

Katika miaka hiyo Tanzania ilipigwa mapigo mfululizo. Bei ya kahawa, iliyopaa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilirudi chini. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Mafuta yakapanda bei mwaka 1979. Serikali ilijaza pengo la bajeti kwa kukopa Benki Kuu, maana yake noti ziliongezeka kuliko bidhaa. Kenya nayo ilipigwa na mafuta na kahawa, lakini haikuwa na vita, na viwanda vyake vya sabuni, mafuta ya kupikia na mabati viliendelea kuzalisha.

Nchi hizo mbili zilichagua njia tofauti. Kenya ilikubali kuishusha shilingi yake: mara mbili mwaka 1981, tena Desemba 1982. Tanzania ilikataa kushusha kwa kiasi kilichohitajika, ikasogeza kidogo tu. Mwishoni mwa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu kwa sababu hakukubaliana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kushusha thamani ya shilingi lilikuwamo katika masharti hayo. Hoja ya Mwalimu haikuwa ya ukaidi mtupu. Alisema kwamba kushusha shilingi kutapandisha bei ya kila kinachoagizwa nje na mzigo utamwangukia maskini, na kwamba mkulima wa kahawa au mkonge hawezi kuongeza mazao kwa msimu mmoja kwa sababu tu dola imepanda. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ingekuwa na nguvu kubwa kama maskini angekuwa anapata kweli bidhaa kwa bei ya serikali. Kufikia 1982 alikuwa hapati.

Angalia matokeo yake kwenye jedwali. Hizi ni wastani wa mwaka, shilingi kwa dola moja ya Marekani. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa 8.22 na Kenya 7.48. Mwaka 1981 Tanzania 8.28, Kenya 9.05. Mwaka 1983 Tanzania 11.14, Kenya 13.31. Ukigawanya 11.14 kwa 13.31 unapata 0.84, yaani kwa karatasi shilingi moja ya Kenya ilikuwa senti 84 za Tanzania. Ndiyo tarakimu uliyoikuta. Ni ya kweli, ilitangazwa, na ilitumika kwenye vitabu vya Hazina.

Lakini fikiria maana yake. Ina maana kwamba mwaka 1983, wakati Watanzania walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika wakisubiri sabuni na sukari, shilingi yao ilikuwa na nguvu kuliko ya jirani ambaye maduka yake yalijaa. Ingekuwa hivyo kweli, mfanyabiashara wa Taveta angeuza shilingi zake apate za Tanzania. Hakuna aliyefanya hivyo. Mwendo ulikuwa wa upande mmoja tu: kahawa ya Kilimanjaro na ng'ombe walivushwa kwenda Kenya, na sabuni, mafuta ya kupikia, dawa za meno na mabati yakavushwa kuja huku.

Unaweza kulipima hili wewe mwenyewe kwa takwimu za serikali, bila kuhitaji kumuuliza mlanguzi yeyote. Kati ya 1979 na 1983 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa baina ya asilimia 25 na 30 kila mwaka, hivyo kilichogharimu shilingi 100 mwaka 1979 kiligharimu karibu 270 mwaka 1983. Kenya, kilichogharimu 100 kiligharimu karibu 170. Shilingi ya Tanzania ilipoteza nguvu ya kununua haraka zaidi, kwa hiyo ilipaswa kushuka dhidi ya ile ya Kenya. Ukianzia kiwango cha 1979, ambacho kilikuwa 1.10, na kukirekebisha kwa tofauti hiyo ya bei, unapata kwamba mwaka 1983 shilingi moja ya Kenya ingepaswa kuwa takriban shilingi 1.70 za Tanzania. Kiwango rasmi kilikuwa nusu ya hapo. Na hesabu yangu ni ya upole, kwa sababu takwimu za bei za Tanzania zilitegemea kwa sehemu bei zilizopangwa na serikali, ambazo mtu alizisoma ukutani lakini bidhaa yenyewe hakuiona. Kwenye magendo dola ilinunuliwa mara kadhaa ya bei rasmi, na kufikia 1985 ilikuwa zaidi ya mara tano.

Mkulima wa kahawa wa Rombo alilijua jambo hili kabla ya mchumi yeyote. Kahawa yake ikiuzwa nje kwa dola moja kupitia mamlaka ya zao, dola hiyo iligeuzwa kuwa shilingi 11 za Tanzania, zikakatwa gharama za chama cha ushirika na za mamlaka, na zilizobaki akaenda nazo dukani akakuta rafu tupu. Kahawa hiyohiyo ikivuka usiku, dola yake ilikuwa shilingi 13 za Kenya, na shilingi hizo zilikuta sabuni, chumvi na bati. Kama hakutaka bidhaa, aliziuza shilingi hizo za Kenya kwa mlanguzi kwa kiasi kikubwa cha shilingi za Tanzania. Kila njia ilikuwa bora kuliko ile ya halali. Mwaka huo wa 1983, wakati Edward Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha msako mkali wa wahujumu uchumi na sheria maalumu ikapitishwa. Wengine waliokamatwa walikuwa walanguzi wakubwa kweli. Lakini chanzo kilikuwa kwenye ile 0.84, na kiwango hakikamatwi na polisi.

Ndiyo maana nasema kaka yako yuko karibu na ukweli. Mtu aliyekuwa na shilingi 6,000 za Kenya Taveta mwaka ule alikuwa na kitu kikubwa kuliko mtu mwenye shilingi 6,000 za Tanzania Himo, jedwali liseme lisemavyo.

Haraka sana baada ya hapo, hata kiwango rasmi kilianza kumfuata kaka. Juni 1984 serikali iliishusha shilingi hadi kama 17 kwa dola, na ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Bidhaa zikaanza kuonekana. Novemba 1985 Mzee Mwinyi akaingia madarakani, na katikati ya 1986 ukaanza Mpango wa Kufufua Uchumi pamoja na makubaliano na Shirika la Fedha. Dola iliyokuwa shilingi 17 ikawa 40, na mwaka ulipoisha ilizidi 50. Tazama wastani wa Tanzania: mwaka 1985 ni 17.47, 1986 ni 32.70, 1987 ni 64.26, 1988 ni 99.29, 1990 ni 195. Kenya katika muda huohuo ilitoka 16.43 hadi 22.91. Kwa hiyo shilingi ya Kenya iliyokuwa senti 84 mwaka 1983 ilifika shilingi 1.06 mwaka 1985, shilingi 2 mwaka 1986, karibu 4 mwaka 1987 na 8.50 mwaka 1990.

Watu wengi huitazama miaka hiyo na kusema Mwinyi aliiangusha shilingi. Mimi sioni hivyo. Shilingi ilikuwa imekwisha kuanguka mpakani na kwenye magendo. Kilichofanyika 1986 ni vitabu vya serikali kuanza kuufuata ukweli. Ushahidi ni huu: kama kushusha kungekuwa ndiko kulikopandisha bei, mfumuko ungeruka mwaka 1986 na 1987. Haukuruka. Ulibaki karibu na asilimia 30, palepale ulipokuwa tangu 1980, kwa sababu watu walikuwa tayari wananunua kwa bei ya magendo. Hata noti zinaonyesha hivyo. Kuanzia 1966 hadi 1985 noti yetu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Kisha ikaja ya 200 mwaka 1986, ya 500 mwaka 1989, ya 1,000 mwaka 1990, na za 5,000 na 10,000 mwaka 1995. Ndani ya miaka kumi noti kubwa iliongezeka mara mia.

Pengo baina ya bei rasmi na ya mtaani liliendelea kupungua, na mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha. Kufikia 1994 mabenki yalikuwa yanauziana dola kwenye soko lao. Kuanzia hapo, jedwali la Benki Kuu ni bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuipata kweli. Ukitafuta viwango vya zamani kwa jambo lolote la kifamilia au la biashara, chukulia 1994 kuwa mpaka: baadaye amini jedwali, kabla yake liulize maswali.

Kenya nayo ilipata mwaka wake mbaya, na Watanzania wengi wamesahau. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada. Ukafuata uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 na fedha nyingi zikamwagwa, na wakati huohuo Hazina ikalipa mabilioni kama fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi katika kile kilichokuja kujulikana kama kashfa ya Goldenberg. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 46, na dola ikatoka wastani wa shilingi 32 hadi 58. Mwaka huo shilingi ya Kenya ilishuka hata dhidi ya ya Tanzania: kutoka karibu 9.20 hadi karibu 7. Ulikuwa ni mwaka adimu ambao mtu wa Holili aliyeweka akiba yake kwa shilingi za Kenya alijuta. Kisha Kenya ikakaza, riba zikapaa, na mwaka 1995 ilikuwa 11.

Baada ya 2000 hadithi inabadilika kwa namna ambayo hata wachumi huikosea. Shilingi ya Kenya ilikuwa 10.50 za Tanzania mwaka 2000, ikawa 13.70 mwaka 2003, na 17.40 mwaka 2006. Ungefikiri bei zilikuwa zinapanda zaidi Tanzania. La, katika miaka hiyo bei zilipanda haraka zaidi Kenya. Maana yake ni kwamba Tanzania ilizidi kuwa nafuu kwa Mkenya mwaka hadi mwaka, na ndiyo sababu mojawapo ya malori ya mahindi, vitunguu na machungwa kuelekea Nairobi. Mfumuko wa bei ulieleza vizuri miaka ya themanini, lakini kwa kipindi hiki hautoshi. Fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje, watalii na mikopo vyote huingia kwenye mizani. Kilele kilikuwa kama 22.40 mwaka 2019. Kisha mkondo ukageuka: Kenya ilipokaribia kulipa mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa unaiva Juni 2024, hofu iliipeleka dola hadi karibu shilingi 160 Januari mwaka huo, na shilingi ya Kenya ikawa chini ya 16 za kwetu. Mkopo ulipopatiwa ufumbuzi, dola ikarudi karibu 130 ndani ya miezi michache, na ndiyo tukarudi kwenye hii karibu 20 mnayobadilishia leo.

Naomba usiisome hiyo 20 kama alama za mtihani. Yen ya Japani mwaka 2024 ilikuwa kama 150 kwa dola na shilingi ya Kenya 130, na hakuna anayesema Kenya ni tajiri kuliko Japani. Uganda iliondoa sifuri mbili kwenye shilingi yake mwaka 1987, na siku iliyofuata Mganda hakuwa tajiri mara mia. Ukubwa wa tarakimu unaonyesha historia ya nyuma, yaani nani alichapisha noti nyingi zaidi na lini. Kinachopaswa kumshughulisha mtu ni mwendo wake kwa mwaka, na kile ambacho tarakimu hiyo inaweza kununua.

Turudi kwenye daftari.

Kiwango rasmi cha 1983 kiacheni kabisa. Ukizidisha 6,000 kwa 0.84 unapata kama shilingi 5,000 za Tanzania, au kidogo zaidi ukifuata kiwango cha baada ya Juni mwaka huo. Kuwapelekea binamu zenu shilingi 5,000 leo, hela ya sahani ya wali na soda, ni kuwatukana, na wala si hesabu sahihi, kwa sababu deni halikuwa la shilingi za Tanzania.

Ukifuata herufi, kanuni ya sheria tuliyoirithi wote wawili kutoka Uingereza ni kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi ile iliyotajwa. Shilingi ya Kenya haijabadilishwa wala kufutwa sifuri tangu 1966, kwa hiyo 6,000 ni 6,000, karibu shilingi 120,000 za Tanzania. Kwa muda uliopita hakuna mahakama ingewalazimisha hata hizo. Lakini hamkuniuliza kuhusu mahakama. Kiasi hicho leo hakinunui hata mabati kumi, na baba aliezeka nyumba.

Njia ya tatu ni kupitia dola. Kwa kiwango cha Kenya cha 1983, ambacho hakikuwa mbali na soko kama cha kwetu, 6,000 zilikuwa kama dola 450. Kwa dola ya sasa ya shilingi 2,500 hivi, hiyo ni milioni moja na laki moja za Tanzania. Hata dola yenyewe imepoteza nguvu: bei za Marekani zimepanda kama mara tatu tangu wakati ule. Ukizingatia hilo unafika milioni tatu na laki tatu au nne. Na ukitumia bei za Kenya, ambazo zimepanda zaidi ya mara 50, unapata zaidi ya shilingi 300,000 za Kenya, yaani karibu milioni sita za kwetu. Tofauti ni kubwa kwa sababu kila kipimo kinauliza swali tofauti, na kapu la bei za Kenya limejaa kodi za nyumba, nauli na unga. Halikutungwa kwa ajili ya bati.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Someni tena daftari mtafute idadi ya mabati. Wazee wengi waliandika vitu, si fedha tu. Kama haimo, hesabuni yaliyo juu ya ile nyumba, maana bati la enzi zile hudumu, na mama atakumbuka kama yote yalitoka Taveta au mengine yaliongezwa baadaye. Mkishapata idadi, nendeni duka la vifaa vya ujenzi Taveta mkaulize bei ya bati la geji ileile leo, mzidishe. Mjomba alitoa uwezo wa kuezeka, na uwezo huo unaweza kupimwa bila kuingiza dola wala Benki Kuu. Mimi nategemea jibu litaangukia kati ya ile milioni moja na ile milioni tatu na ushee. Likitoka nje ya hapo, rudieni kuhesabu kabla ya kuwaona binamu.

Wakati wa kukaa nao, waonyesheni daftari lenyewe, si tarakimu yako tu, na mwambieni mama awepo. Huenda mjomba naye aliacha maandishi, au alikwisha kusamehe, au baba alilipa kwa kahawa bila kuandika, jambo lililokuwa la kawaida sana mwaka ule. Na mkikubaliana kiasi, kitajeni kwa shilingi za Kenya na mlipe kwa shilingi za Kenya. Mkituma kwa simu kuvuka mpaka, ulizeni kwanza kiwango cha siku hiyo na makato, kisha linganisheni na mnachopewa na wabadilishaji wenye leseni pale mpakani. Kwa fedha ya kiasi hicho tofauti inaweza kufikia bei ya bati moja au mawili.